Mafuta Yaondoke, Bega Libaki

Ndugu zangu, nimesimama hapa kanisani na karatasi nne, na tayari naogopa kwamba ni nyingi mno. Wanaonijua wanacheka. Tangu jana nawaza kama nianze na salamu ao nianze na swali. Basi nianze na swali, sababu njo lililoninyima usingizi miezi mingi: nikikonda, nitabaki na nini?

Naona wamama wanatazamana. Ndiyo, najua. Hapa kwetu Nyabiondo hakuna muntu anayekonda kwa kupenda. Muntu anakonda sababu alikimbia akalala porini, ao anaumwa, ao shamba halikuzaa. Ukirudi kutoka mjini umenona, watu wanasema, "Ah, huko wanamutunza vizuri!" Ukirudi umekonda, wanapunguza sauti.

Mimi nilirudi nimenona. Siku niliyomaliza masomo nikafika hapa kwa pikipiki, kaka yangu mkubwa alinizunguka mara moja, akamuuliza dereva: "Papa, ulimubeba peke yake ao mulikuwa wawili?" Mama alinishika shavu mbele ya majirani kama muntu anayeonyesha ng'ombe yake sokoni. Nilikuwa nimeleta diplome na tumbo, na hadi leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomufurahisha zaidi.

Wiki chache baadaye nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kuuma. Mama munganga alinifunga kile kitambaa cha kupima damu mkononi, akakipuliza, akakipuliza tena. Munganga akipuliza mara mbili, ndugu zangu, muntu kama mimi anakuwa ameshaandika wosia wake kichwani. Papa yangu mnamukumbuka. Alianguka shambani jembe likiwa mkononi, upande mmoja wa mwili ukafa, na hakuinuka tena. Ilikuwa ni hii hii damu kupanda, ile tunaita tansio.

Mama munganga akasema: "Mutoto, damu yako inapanda, na hili tumbo linaisaidia kupanda. Upunguze mafuta. Lakini usipunguze nguvu, unasikia?"

Nilisikia nusu ya kwanza. Nusu hiyo peke yake nikaiwaza miezi mitatu.

Mafuta. Tazameni neno hili. Mafuta ya tumboni tunaita mafuta, na mawese yanayotoka Walikale kwa pikipiki, ndani ya madumu ya njano tunayoita bidon, nayo tunaita mafuta. Mimi niliyesoma miaka mitano, niliingia jikoni kwa Mama, nikaitazama bidon ya mawese kama muntu anayetazama adui. Nikajiuliza: vitu gani humu ndani vinapikwa na mafuta? Sombe, yale majani ya muhogo. Maharagi. Samaki wadogo, sambaza za Bweremana, zile zinakaangwa hadi zinalia. Nikaviondoa vyote. Kilichobaki kwenye sahani yangu kilikuwa kabichi ya kuchemsha, na chai bila sukari.

Mama aliuliza: "Maharagi imekukosea nini?"

"Mama, iko na mafuta."

"Na wewe je, hauna?"

Nilichukua sahani yangu ya kabichi nikatoka nje. Jembe nalo nikaliacha, sababu niliona kulima kunaleta njaa. Nilitembea tu asubuhi, haraka haraka, kwenda na kurudi barabarani, mpaka vitu vilianza kuzunguka mbele ya macho. Kila siku ya soko nilikwenda kwenye depo ya maharagi kujipima kwenye mizani ya magunia. Mwenye depo alikuwa anaita watu: "Muje! Gunia ya universite imefika!" Na kilo zilivyozidi kushuka, akasema: "Wewe, panya imekutoboa wapi?" Mimi nilicheka, nikaandika kilo kwenye kaye, daftari langu dogo. Zilishuka. Zilishuka sana. Nikafikiri nimeshinda.

Lakini kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaandika kwenye kaye. Bidon ya maji niliyokuwa nabeba kutoka chemchemi bila kusimama, sasa nilipumuzika nayo mara tatu. Nikiinuka kwenye kiti, nilishika meza. Shangazi mmoja wa kanisa hili, na Mungu amubariki, aliniletea maziwa, akafunga mlango, akaniuliza polepole kama nilishapimwa damu ile nyingine, ya ukimwi. Nilimuambia niko muzima. Alinitazama kwa huruma zaidi.

Sasa nifike pale pagumu.

Hapa kwetu, mgonjwa wa mlimani hafikiwi na pikipiki. Anabebwa kwa tipoyi, kile kiti cha miti na kamba, mabega manne chini yake, na wanaume wengine nyuma wa kupokezana. Filimbi ikilia, kila mwanaume anaacha alichoshika. Siku ile filimbi ililia kwa ajili ya shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Uchungu ulikuwa umeanza tangu usiku na mutoto hakuja. Kwa kuwa mimi ni murefu, waliniweka mbele, upande wa kushoto. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Kwa nini waniulize? Nilikuwa kijana, nilikuwa na miguu miwili.

Kushuka hadi kijito nilivumilia. Kupanda ng'ambo ya pili, kwenye utelezi, magoti yangu yaliachana na mimi. Sina neno jingine. Niliyaambia yasimame, hayakusikia. Mti uliteleza kwenye bega, tipoyi ikainama, shemeji akapiga kelele ambayo naisikia hadi leo. Kaka yangu, aliyekuwa nyuma yangu akingoja zamu, aliruka akaudaka ule mti kwa kifua.

Papa mkubwa wa wabebaji, ambaye yuko hapa na ambaye hajawahi kunitania, alisema maneno machache tu: "Toka, mutoto. Beba sac ya mama."

Nilibeba sac ya mama, mfuko wa muzazi. Ndani mulikuwa na vitenge viwili, sabuni, na beseni ndogo iliyogongagonga njia nzima ili kila muntu ajue ninabeba nini.

Mutoto alizaliwa salama. Ni huyu musichana anayelia pale nyuma, ana haki ya kulia. Lakini kaka yangu, yeye anayenitania tangu tukiwa wadogo, siku ile hakutania. Hilo liliniumiza kuliko kuanguka. Alikaa kando yangu nje ya kituo, kifua kimevimba, akasema: "Ulipokuwa munene hukuwa na pumzi. Sasa hauna bega. Siku Mama atalala kwenye ile tipoyi, niite nani?"

Swali langu likabadilika hapo hapo. Mwanzoni nilikuwa naogopa kufa kama Papa. Sasa niliogopa kubaki hai na kuwa muntu wa kubeba beseni.

Mama munganga alitoka akikausha mikono. Alinitazama toka juu mpaka chini. "Nilikuambia nini?"

"Nipunguze mafuta."

"Na nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa na kurasa kumi na mbili za kilo na tarehe, na ile nusu ya pili sikuiandika popote.

Alichukua kipande cha bande, kitambaa cha kufungia vidonda, akanipima kiuno, akafunga fundo pale ncha ilipofika, akanipa nikitunze. Kisha akanieleza kama muntu anayefundisha mutoto kufunga kamba ya kiatu. "Ile mizani ya depo haijui kama gunia iko na maharagi ao na mawe. Mafuta imeenda, ndiyo, lakini nyama ya paja na ya bega imeenda nayo. Ukiunyima mwili chakula cha kujenga, na ukiunyima mzigo, unaanza kubomoa nyumba yake. Urudilie maharagi. Mawese ni kijiko, si bidon. Ule sambaza, yai, kipande cha jibini ukipata. Bugali iwe kama ngumi yako, si kama kichwa chako. Sukari na mandazi, uachane nayo. Na ubebe kitu kizito siku tatu kwa wiki, uongeze polepole, siku nyingine upumuzike. Kilo zishuke taratibu. Na ulale."

Nilimuuliza: na kama maharagi yakiongeza tumbo? Na kama uzito ukipandisha damu? Na polepole ni polepole ya namna gani? Alinijibu hayo matatu, akasema nisishike pumzi nikiinua, na nirudi apime damu mara kwa mara. Nilipofungua mdomo kwa la nne, akasema: "Mutoto, mimi iko na wagonjwa ndani."

Papa mkubwa wa wabebaji alitupatia tipoyi ya zamani. Kaka yangu na mimi, na vijana wawili wa jirani, tuliweka mawe mawili juu yake, tukapanda kile kilima kile kile. Siku tatu kwa wiki. Wamama waliokuwa wanapalilia walisimama.

"Munabeba nani?"

"Mawe, Mama."

"Mawe iko na mimba?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Kaka yangu akawajibu: "Iko karibu kuzaa, mutayarishe bugali!" Hapo nilijua amenisamehe.

Nikarudia jembe. Nikarudia maharagi, na sahani ya kwanza nililia kidogo, nadhani ni moshi. Kila Jumamosi tuliongeza jiwe moja. Bidon za maji niliziinua toka chini kwa miguu, si kwa mgongo, kama mama munganga alivyonionyesha.

Lakini msifikiri kichwa changu kilipona siku moja na miguu. Baada ya majuma kadhaa, mizani ya depo ilisimama. Kilo zile zile, soko hadi soko. Nikaona nimeharibu kila kitu. Kwa siri, siku nne nzima, nilirudia kabichi. Mama aliona, akaacha sufuria ya maharagi wazi ili harufu iseme. Jumamosi ile mawe hayakufika juu. Bega lilikataa katikati ya kilima, na vijana wakaniuliza kama ninaumwa.

Nikakimbia kwa mama munganga na kaye yangu. Hakuifungua. Alisema: "Ile kamba ya bande iko wapi?" Nikaizungusha kiunoni. Lile fundo lilipita ncha ya pili kwa vidole vitatu.

"Kiuno kimepungua, na mawe umeongeza?"

"Ndiyo, kabla ya hizi siku nne."

"Basi mafuta inatoka na nyama inarudi, ndiyo maana mizani imesimama. Uamini kamba. Na uniachie hii kaye, wabebaji wanatafuta mahali pa kuandikia zamu."

Nilimuachia. Nilitembea kurudi nyumbani mikono ikiwa mitupu, bila kujua niiweke wapi.

Msimu huu wa mvua, Mama aliteleza akitoka kwenye shamba la maharagi. Mguu ulivunjika chini ya goti. Mlisikia filimbi wote. Nilipofika, alikuwa ameshawekwa kwenye tipoyi, ameuma kitenge ili asilie mbele ya watu. Papa mkubwa aliuliza: "Nani mbele?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuwa shujaa. Kichwani mwangu kulijaa kijito, utelezi, kelele ya shemeji, beseni. Nilifikiri: kama nikiangusha, ninaangusha Mama yangu. Nilifikiri: kuna wenye nguvu kuliko mimi. Nilifikiri: labda nyuma kwanza. Kaka yangu alinitazama. Na wakati bado nafikiri, niliona bega langu limeshaingia chini ya mti.

"Mimi," nikasema.

Tulishuka. Tukavuka kijito. Tukaanza kupanda. Kutoka juu, Mama akauliza kwa sauti ya maumivu: "Mbele kushoto iko nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Ule wa kabichi?"

Wanaume walicheka, na nikaogopa kicheko kitatuangusha. "Hapana, Mama," nikasema. "Ule wa maharagi."

Niliyaambia magoti yasimame. Na yalisimama. Sikubadilisha bega mpaka kwenye mti wa mukalatusi ule wa juu, pale barabara ya pikipiki inapoanza, na Mama alipofika hapo alisema tu: "Musiniweke kama gunia." Mnamuona pale, mguu uko kwenye benchi. Anatembea na fimbo, na anaomba chumvi kwenye kila kitu.

Nashukuru mama munganga, aliyesema jambo moja mara mbili bila kuchoka. Nashukuru shangazi wa maziwa. Nashukuru shemeji, aliyenipa mutoto wake nimushike siku ile ile niliyokaribia kuwaangusha wote wawili. Nashukuru kaka yangu kwa kifua chake. Damu yangu imeshuka, na bado napimwa, sababu mama munganga amekataa nijione nimepona. Na kama kuna muntu hapa ameambiwa apunguze mafuta, namuomba hivi: asiondoke mlangoni kabla ya kusikia nusu ya pili. Ale chakula cha kujenga, abebe kitu kizito, aende taratibu. Na asijipime kwenye mizani ya magunia.

Jana nilimuendea Papa mkubwa, nikamuomba aandike jina langu kwenye zamu ya kwanza, mbele. Alitoa kaye, nikaona ni ile yangu, mama munganga alimupatia. Akageuza kurasa za kilo, akaandika upande wa nyuma, pale pasafi.

Karatasi ya nne ina sababu kumi na moja kwa nini ningengoja kidogo kabla ya kuomba jina langu liandikwe mbele. Niliziandika wiki iliyopita. Sitaisoma.