Dirisha la Kajetani

Kijiwe cha kahawa cha Bombambili kiko chini ya dirisha la intaneti, na dirisha lile halifungwi, eti kompyuta zinataka hewa. Ndani, Kajetani huwajazia watu maombi ya msaada wa wagonjwa kwenye tovuti ya shirika moja la Dar. Mwaka huo wa elfu mbili na tatu wengi hawajui kuchapa. Basi yeye husoma swali kwa sauti, mtu anajibu, naye analirudia jibu kwa nguvu asije akakosea. Makini kweli kweli! Juzi alimjazia Fortunata, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara. Leo jua limepanda na sinia la Fortunata bado limejaa. Kajetani ametoka kunywa kahawa, hawezi hata kutazama upande ule.

— Siri ya Fortunata imevujaje? akauliza Rupert, wanayemwita Setilaiti. Mimi nasema mawingu. Habari zinapaa, zinagonga mlima Matogoro, zinadondoka huku. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mawingu gani, bwana wee! akadakia Abasi, yaani Redio Mbao. Kompyuta ina jicho. Wanamwona mtu mpaka damu, halafu wanamnadi Ulaya.

— Ni watu wa Ulaya waliokukataza maandazi?

— Mimi tumbo tu. Na wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Fortunata ana watoto wanne, Redio. Wanaishi kwa sinia lile.

Wakamgeukia Kajetani.

— Mtaalamu, imevujia wapi?

— Labda... nywila, akasema.

Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ya juzi: "Virusi vya Ukimwi! Tangu lini, mama?" Na hapa nje, vikombe vilivyonyamaza papo hapo.

Akatokea mama mmoja aliyetembea kutoka Mshangano, Mwamvua, miguu ina vumbi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimekuja kumwombea mume wangu msaada. Anaumwa.

— Karibu ndani, akasema Kajetani.

Mama hakuingia. Akalitazama dirisha, akalitazama benchi.

— Wanangu, mkikaa hapo, ya mle ndani mnayasikia?

Setilaiti akachungulia kikombe kitupu. Redio Mbao akainama kufunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili. Kajetani naye akalitazama dirisha lile lile.

— Haya, asanteni, akasema mama, akarudi na njia aliyojia.

Ng'ambo, Fortunata alikuwa anafunika sinia. Kajetani akainuka, akalivuta dirisha. Likafungika mara moja.