Joka la Mbao na Jani la Sale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Najua. Mmekuja kusikia toba. Mzee wetu wa kanisa ameniita hapa mbele niungame kwamba niliabudu joka huko China. Aliniambia nije na jani la sale la kuombea msamaha, nami nimelileta, hili hapa. Lakini kwanza mtanisikiliza, maana nina hasira, na sitaificha mbele za Mungu anayeiona.

Mnanijua. Mimi ni Aikande, sauti ya pili kwenye kwaya hii tangu nipate kipaimara. Nilikwenda Foshan, kusini mwa China, kusomea usindikaji wa maziwa. Miezi saba ya kwanza nilikuwa maiti inayopumua. Chumba cha hosteli, dirisha linatazama ukuta, na sina hata mtu mmoja wa kumpa shikamoo. Ikafika mahali siwezi kuamka kuoga. Mama nilimdanganya kila Jumapili kwenye simu: "Niko salama, Mama, ninakula." Ninyi sikuwadanganya! Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Niombeeni, siwezi kutoka kitandani." Mkanitumia vidole gumba. Vidole gumba, ndugu zangu! Halafu mkaendelea kubishana rangi ya sare.

Nikamwambia Mungu, kama unanisikia, nitumie mtu. Akamtuma Mama Lin, mfagiaji wa hosteli, ambaye hata kanisa hajawahi kuingia. Alinikuta nimelala siku tatu mfululizo. Ya nne akanishika mkono mpaka mtoni, akanivisha jaketi la kuelea, akanikalisha kwenye mtumbwi mrefu wenye kichwa cha joka. Wanawake ishirini, wawili wawili, na mmoja mbele anapiga ngoma ili wote wapige makasia kwa pamoja. Mimi mtoto wa mlimani, maji mengi niliyoyajua ni ya mfereji wa migombani! Nililia kwa hofu. Kasia langu likamlowesha aliyekaa mbele yangu mpaka mgongoni, akacheka. Siku ile nilikula sahani mbili za wali.

Wiki iliyofuata sikwenda. Jioni mlango ukagongwa: wanawake watatu wa mtumbwini, na bakuli la uji wa mchele. Mama Lin akanyoosha kiganja chake, akakilaza upande, akaninyooshea kidole. Nikaelewa. Nisipokuwepo, mtumbwi unalalia upande mmoja. Nikalia sana, ndugu zangu. Hapa kwetu nilikosekana miezi saba na hakuna kilichoinama!

Nikapona! Kwa furaha nikawatumia picha nikiwa na kasia, na kichwa cha joka nyuma yangu. Ee, hapo ndipo mlipopata bando! "Joka! Ufunuo kumi na mbili!" Mkafunga siku tatu kunikemea. Mkamwonyesha Mama ile picha, Mama akaacha kupokea simu zangu. Mwaka mzima! Nimerudi wiki hii, ananipakulia mtori bila neno.

Nilimwendea Mzee. "Shikamoo, Baba. Lile ni gogo tu, limechongwa."

"Marahaba. Hata ndama ya Haruni ilichongwa, mwanangu."

Nikaaga, nikaenda zangu. Leo jibu lake ninalo. Joka la Ufunuo lilitaka kumla mtoto. Mimi nilikuwa mtoto wenu, naliwa kitandani, na hakuna aliyeuliza. Aliyeniuliza alikuwa na ufagio mkononi!

Namshukuru Mungu, maana nilimwomba mtu akanipa mtumbwi mzima. Na wewe uliyejifungia ndani leo, huna nguvu hata ya kufungua dirisha, mtumaini. Atakutumia mtu, hata kama sisi tumelala.

Sasa hili sale. Wachagga tunajua, ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Nimelikata asubuhi mpakani mwa shamba letu. Mzee, si lako. Mama, nakuona hapo benchi la tatu. Pokea. Sikuombi msamaha kwa ajili ya mtumbwi. Nakuomba kwa sababu kila Jumapili nilikuambia ninakula, na nilikuwa sili.

Ninyi wengine, masale yamejaa mpakani kwetu, na nyumbani mnapajua. Nawangoja.