Mubirizi Bila Udongo Wake

Mheshimiwa Bourgmestre wa komini yetu, Mheshimiwa Padri, Sheikh wetu, Bwana Chef wa mtaa, ndugu wageni mliotoka Butembo na Mabalako, na ninyi akina mama wenzangu wa bustani: ninawasalimu wote, hata mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha.

Mimi ni Florentine, mjane wa Lusenge. Nimeombwa kusema neno kwenye ufunguzi wa bustani hii ya mimea ya dawa hapa Mulekera, kwa sababu ile ya kwanza, kule Bungulu, aliianzisha mume wangu nyuma ya nyumba yetu. Mubirizi wenye majani machungu, mchaichai, artemisia: mwenye homa au tumbo alipita kwetu akachuma. Lusenge hakujivunia kitu kingine, nami nilimtania kwamba anaisalimia mimea asubuhi kabla ya kunisalimia mimi.

Mnajua tulichoambiwa mwaka jana. Kabla sisi hatujanunua kiwanja kile, watu walivunjia pale betri za magari. Dada yetu Falonne, agronome, mtaalamu wa kilimo kutoka Butembo, alipeleka udongo na majani yetu kupimwa, akarudi na habari ya plomb, yale madini ya sumu ya ndani ya betri. Ninasema plomb, maana nikisema risasi hapa Beni, nusu yenu mtalala chini.

Je, hamkushangaa kama mimi? Mubirizi ule ulikuwa wa kijani kuliko wote wa mtaa! Nilimuuliza Falonne: mmea unakunywaje madini bila kuugua? Na tukichemsha sana je? Akanijibu kwamba moto unaua vijidudu, lakini plomb haifi, kwa sababu haijawahi kuwa hai. Nikajiuliza pia lile ambalo ninyi mlijiuliza bila kuthubutu kulisema mbele yangu. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa moyo; daktari alinieleza vizuri, na siwezi kuusingizia udongo. Lakini siwezi pia kumpa mtoto wa jirani kikombe ambacho sijui kina nini ndani.

Basi tukapata uwanja huu, udongo wake ukapimwa, ukaonekana safi. Siku ya kuhama tulikuja kwa pikipiki, kila mama amekumbatia mmea wake ndani ya kopo. Kwetu mmea hautolewi mizizi ikiwa uchi. Unatolewa na udongo wa kwao, ili usijione mgeni. Bibi zetu walifanya hivyo. Tulipofika, Falonne akatukimbilia, mikono juu.

"Bamama, hapana kushusha! Hapana!"

"Juu ya nini tusishushe?" akauliza Nasiba, kiongozi wetu, akiwa bado juu ya pikipiki. "Tunaleta bimea, hatulete vita."

"Munaleta na udongo! Plomb mulikimbia, sasa munaipandisha pikipiki?"

"Ee! Na njo mimi nimeilipia nauli!"

Akina mama, mlicheka sana. Mimi sikucheka. Ndani ya kopo langu ulikuwamo mubirizi wa mwisho alioupanda Lusenge. Udongo ule ulikaa kwenye kucha zake hata siku ya misa. Nilikuwa ninautoa kwa kijiti cha kiberiti, naye akilalamika kwamba ninamchoma.

Nikamwambia Falonne, "Mutoto yangu, yangu hii uniachie. Kopo moja itafanya nini?"

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, mvua ikinyesha, maji ya hapo yataenda wapi?"

Nikatazama. Nafasi niliyokuwa nimejichagulia ilikuwa juu kabisa ya mteremko. Chini yake yalikuwa matuta yenu nyote.

Kopo langu likarudi Bungulu pamoja na yenu, ndani ya uzio wa bustani ya zamani, mahali ambapo sasa hakuna anayechuma. Falonne akanifundisha kukata tawi la juu, lisilo na mizizi, kwa kuwa plomb nyingi hubaki mizizini na kwenye vumbi. Nimelikata leo asubuhi, nikaliosha. Hili hapa mkononi mwangu. Litashika? Sijui, na ninatamani sana kujua. Majani yake ya kwanza yatapimwa kabla ya mtu yeyote kuyanywa, hata mimi.

Mheshimiwa Bourgmestre, ninajua utepe unakungoja. Niruhusu kwanza nilichomeke tawi hili. Lusenge alipomaliza kupanda, aliupigapiga udongo kwa kiganja, kisha akafuta mkono nyuma ya suruali. Mimi nitafuta kwenye kitenge.

Ninamshukuru Falonne, ninawashukuru akina mama, ninawashukuru ninyi nyote kwa kunipa masikio yenu. Na Jumapili mkiniona kanisani na udongo kwenye kucha, msiniletee kijiti cha kiberiti. Huu niacheni nao.