Bwana Baki: Miaka Ishirini na Saba Kando ya Maji

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, msimamizi wa ukarabati wa kampuni yetu anakabidhi funguo za stoo na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba na nyumba arobaini na tatu, zote za ufukweni. Kwenye makaratasi ana jina lake kamili. Kazini anaitwa Bwana Baki. Mimi namwita Baba, na hiyo "kampuni yetu" nimeiazima kwa leo tu. Karani wa ofisi alinipigia akasema mafundi wote wamekwepa kuandika makala ya kumuaga. "Wewe si unaandika insha kwa lugha mbili? Hii ni lugha moja tu, unaogopa nini?" Naogopa kusimama mbele ya watu. Kuandika naweza.

Niseme mapema linaloninyima raha. Meneja amemwomba Baba aongeze mwaka mmoja, kwa nyumba moja zaidi, na ninapoanza kuandika haya bado hajajibu.

Alianza kama mwashi wa kawaida. Kwa asiyejua, kukarabati nyumba za ufukweni ni kujenga huku umekatazwa kujenga. Nyumba mpya lazima ikae mita thelathini kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Nyumba ya zamani iliyo karibu zaidi inaruhusiwa kukarabatiwa, mradi kuta mbili za awali zimesimama. Zikianguka, kisheria hapo hapana nyumba tena, na mwenyewe hawezi kuirudisha. Ndiyo maana kila asubuhi Baba hukagua kwanza zile kuta mbili, ndipo anapokunywa chai.

Jina lake lilitokana na ukuta. Kwenye nyumba ya tisa aliandika kwa chaki, upande wa maji: BAKI. Alimaanisha ukuta ubaki. Mwashi mgeni, aliyekuwa amebomoa kwingine kote siku iliyotangulia, alifika na nyundo yake kubwa, akasoma, akaelewa kwamba hiyo ndiyo baki ya kazi. Baba alikuwa ukingoni akikaza pazia la kuzuia tope lisiingie majini. Aliporudi, ukuta ulikuwa umeshuka hadi kifuani.

"Wewe! Hukuona nimeandika baki?"

"Nimeona, bosi, ndiyo naimalizia!"

Kuna ambao wangepandisha matofali upesi na kupaka lipu. Baba alimpigia simu mkaguzi wa mazingira yeye mwenyewe, akamweleza yote. Mkaguzi akaja na futi yake, akapima, na kilichosalia kilizidi kimo cha chini kinachotakiwa na sheria kwa upana wa kiganja. Nyumba ikaokoka. Mkaguzi aliondoka akicheka, akimwita Bwana Baki, na mwashi yule, ambaye leo ni naibu wa Baba, ndiye aliyelisambaza jina hilo. Tangu hapo kuta huandikwa USIGUSE.

Wateja walimpenda hata alipowakatalia. Mama mmoja alitaka baraza yake itokeze hadi juu ya maji. Baba akamwambia, "Mama, ukiisogeza hapo utakunywa chai na samaki." Mama akajibu, "Si ndiyo ninavyotaka!" Walibishana wiki nzima. Mwishowe Baba aligeuza jiko la nyumba ile likatazama ufukweni, bila kuongeza hata tofali moja nje ya msingi wa zamani, na yule mama bado hutuma salamu. Tena ni Baba aliyeishawishi kampuni iache kumwaga zege kwenye kingo na badala yake ipange mawe na kupanda matete katikati. Walimtania kwamba amekuwa mtunza bustani. Ukingo wa nyumba ya kumi na saba haujamegeka hadi leo, na ndege wamejenga kwenye matete hayo bila kuomba kibali.

Haya niliyasikia kwa wenzake. Niliyoyaona mwenyewe ni machache, kwa sababu nyumba hizo zote zilikuwa mbali na yetu.

Kanuni zinakataza kupiga nguzo majini katika miezi miwili ambayo samaki hutaga. Miezi hiyo Baba alikuwa nyumbani. Watoto wengine walisubiri likizo. Mimi nilisubiri samaki watage. Miezi kumi iliyobaki nilikuwa naye kwa simu. Barua za mamlaka ya ufukwe huja kwa ile lugha nyingine ya shuleni, naye alinipigia jioni anisomee neno herufi kwa herufi, nimwambie maana yake. Nakiri hapa, kwa kuwa sitaweza kukiri kwa mdomo: maneno mengi niliyajua papo hapo. Nilisema, "Ngoja nitafute kwenye kamusi, Baba, usikate," ili nisikie anavyopumua.

Nikiwa na miaka saba niliandika BAKI kwa chaki kwenye begi lake la safari. Alilibeba vilevile. Naibu wake ameniambia kwamba alimkataza mtu yeyote kulifuta neno hilo, mpaka mvua ikalifuta yenyewe. Baba hakuwahi kunieleza hilo, nami sikuwahi kumuuliza.

Juzi nilimsomea rasimu hii. Meneja alikuwa ameniomba nimalizie kwa sentensi moja, kwamba tunatarajia kumwona tena kazini mwezi ujao. Nilipofika hapo nikairuka.

"Umeruka kitu," akasema. Hata sauti huikagua.

Nikaisoma, haraka, macho kwenye karatasi. Alikuna kidevu.

"Na wewe unataka iwepo?"

Safari hii sikuwa na kamusi ya kusingizia. Nikasema hapana. Nikasema nataka akae nasi.

"Basi ifute, mwanangu. Meneja nitamwona mwenyewe kesho."

Alimwona. Nyumba ile itasimamiwa na naibu wake, mwashi wa nyundo kubwa, ambaye siku hizi husoma kila ukuta mara mbili.

Samahani, Bwana Meneja, sentensi yako haimo. Asanteni nyote mliomshikia ngazi, mliomwekea chai isipoe, mliokaa naye siku ambazo sisi tulimtamani. Najua mtamkumbuka. Kazi hiyo naifahamu, nimeifanya tangu utotoni, na kwa kweli huwa nzito zaidi jioni, simu isipolia. Mkuzoee taratibu kutokuwepo kwake.

Baba, tunakutakia afya, miguu mikavu, na Jumatatu nyingi zisizo na safari.