Zamu ya Maji ya Kaka Sleyum

Kwa jina la Mola aliyetuazima Sleyum na Jumatatu akamtaka. Ndugu na majirani mliokuja Mudhaibi siku hii ya tatu ya azaa, matanga ya kaka yangu, mimi Fawziya, dada wa marehemu, nitasoma upesi, mniwie radhi. Leo baada ya Alasiri inaingia zamu yake ya maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba yetu yote, na mpaka sasa sijui nani atakwenda kufungua. Mfanyakazi wa shamba yuko likizo kwao. Zamu ikitupita kwa joto hili, na tende ndiyo kwanza zinaiva, tutalia mara mbili.

Marehemu Sleyum bin Humoud alizaliwa tarehe 3 Disemba 1949, Mtambwe, Pemba, msimu wa karafuu. Mama yetu akisema alizaliwa mguu mmoja tayari uko mlangoni. Alisoma chuo cha Kurani hapo kijijini, kisha skuli Wete mpaka 1964, ikamkatikia njiani kama ilivyowakatikia wengi. Mwaka 1974 akaja huku kwa jamaa za baba, Kiarabu chake cha msahafuni, sokoni wanamcheka. Alipata udereva serikalini akaushika mpaka kustaafu mwaka 2005, lakini roho yake ilikuwa kwenye mitende. Ati mtu anatoka kazini Ibra, hata maji hajanywa, keshavua viatu yuko shambani!

Ijumaa ya tarehe 11 Machi 1977, Nizwa, alimwoa Ghalia binti Khattab, mzaliwa wa Tabora. Basi wakalima pamoja. Msimu wa kwanza kaka alitia mbolea, akanywesha, akafyeka, akangoja. Kwetu Pemba mnazi humngoja nani? Unazaa wenyewe. Lo! Tende zikatoka ndogo ndogo, hazina kokwa, hata mbuzi wakazisusa. Wifi yangu akenda kuwauliza majirani, akarudi akasimama chini ya mtende, mikono kiunoni.

"Wewe bwana, umefanya harusi bila bwana harusi! Mtende jike unataka mume."

"Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima kinajua ila wewe."

Tangu hapo, kila mwaka kaka alipanda na maua ya mtende dume kiunoni, na Ghalia yuko chini anampigia kelele kwa kila mti aliouruka. Waligombana kwa sauti, kisha wakanywa kahawa kivulini wakichekana. Mola akawaruzuku watoto watatu, shamba likawasomesha wote, na hapana hata mmoja aliyejua kupanda mtende.

Aprili 2023 alipata kiharusi. Kikachukua ulimi wake na upande wa kulia. Mtu asiyeketi akawekwa kitandani, na mimi siwafichi, niliona uchungu hata nikaacha kuja kwa muda. Mkono wa kushoto ndio uliobaki. Siku ya maji alimvuta Ghalia mkono wa nguo, anavuta, anavuta, mpaka aondoke akafungue. Akirudi, kaka hushika upindo wa kanzu yake. Akiona umerowa, ndipo alale.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, alimvuta tena. Ghalia akamwambia, "Bado, Sleyum. Maji yetu Jumatano." Akaachia. Ndivyo alivyotuaga.

Leo ndiyo Jumatano. Ghalia yumo ndani, amekaa eda, hawezi kutoka kwenda shambani, na tangu asubuhi anajivuta mkono wa nguo yake mwenyewe. Watoto wananiambia, "Inshallah, Shangazi, azaa ikisha tutazungumza." Mtazungumza na nani, na mitende mikavu? Jana tu Tamim, mkubwa wao, aliniuliza lango la maji yetu ni lipi. Miaka yote hiyo! Nilitaka kumfokea, lakini mama yake alinitangulia kwa sauti kutoka ndani: "Lile lililozibwa kwa kikoi cha baba yako."



Marehemu ameacha mjane wake, Ghalia; watoto wake Tamim wa Nizwa, Mazoon wa Sur na Yaarub wa Bidbid; wajukuu saba, na mimi dada yake, niliyebaki peke yangu katika watoto wa tumbo la mama yetu. Mola amrehemu, amtulize huko yeye ambaye hapa hakutulia, na kaburi lake alifanye bustani isiyokauka.

Tamim mwanangu, adhana iko karibu. Ukisha kusali vua hiyo saa, kunja hiyo kanzu yako ya dishdasha, nenda. Kikoi usikitupe: kikamue, umletee mama yako hivyo hivyo kimerowa, akishike. Zamu ikisha, lango utaliziba kwa nguo yako.