Sentensi Ambayo Bw. Masila Hangeiandika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Kanyiva Mbaluka anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kama karani wa masjala katika ofisi ya zahanati zetu, Hurlingham, na anaondoka akiwa msimamizi wa majalada yote ya wagonjwa. Kila asubuhi alitembea kutoka Adams Arcade. Alichelewa mara mbili tu, na mara zote mbili aliandika barua ya kujieleza bila kuombwa.

Wengi wetu tulimwogopa kabla ya kumpenda. Aliyeomba ruhusa kwa kuandika "mtoto yangu ni mgonjwa" alirudishiwa barua yenye wino mwekundu, kisha akaulizwa kwa upole mtoto anaendeleaje. Bw. Masila, aliyefunzwa kazi naye, anasema katika mwaka wake wa kwanza aliandika "jalada hili" mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyomwokoa. Mwaka jana tulianza kutumia programu ya kuingia mara moja: nenosiri moja lilifungua barua pepe, maombi ya likizo na majalada. Mwezi Machi, majalada kumi na manne yalifunguliwa kwa jina la Bw. Masila, na siri za wagonjwa zikavuja. Alikana, lakini barua ya kumfuta kazi ilikuwa tayari imepigwa chapa.

Bi. Kanyiva aliomba kuona maelezo ambayo kila anayefungua jalada hulazimika kuandika. Yote kumi na manne yalisema: "Jalada hii imeonwa." Akatangaza kwamba Bw. Masila hangeweza kuandika hivyo hata akiwa na homa.

"Lakini Mama, hii ni kitu kidogo," akasema Bi. Ivyne Nanjala, fundi wetu wa kompyuta.

"Hiki ni kitu kidogo," akajibiwa. "Kichunguze."

Ivyne alicheka, kisha akachunguza kwa siku tatu. Aligundua kwamba programu ilipopokea hati ya utambulisho, ile hati ya kielektroniki inayoonyesha kwamba mtu ameshaingia, ilisoma jina lakini haikukagua sahihi iliyolithibitisha. Mtu wa nje alikuwa ameghushi hati, akaandika jina la Masila na kupita bila nenosiri. Bi. Kanyiva alishangaa kwamba tulikuwa tumenunua bawabu asiyetazama sahihi. Masjala yake haikuwahi kupokea barua bila kukagua sahihi. Watengenezaji waliziba pengo, na ile barua ya kumfuta kazi Bw. Masila ikachanwa mbele ya wafanyakazi wote.

Wiki hii jalada lake mwenyewe la utumishi lilipelekwa kufungwa, na kazi hiyo ilimwangukia Bw. Masila. Aliandika kwa mkono, polepole: "Jalada hili limefungwa." Bi. Kanyiva alisoma mara mbili, akarudisha kalamu nyekundu mkobani bila kuitumia.

Asante, Mama. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu. Ukikuta kosa humu, tafadhali liache lipite.