Mluzi wa Kinyozi na Peremende za Tangawizi

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu wa kuazima, kati ya kibanda cha Kinyozi na buli la kahawa. Asubuhi ile Kinyozi alikaa ameziba mdomo kwa kiganja. Jino lake la mbele limeoza. Daktari ameshasema ling'olewe, naye hataki, maana bila jino hilo hana mluzi. Mkewe yuko ng'ambo mwaka wa sita huu, analea watoto wa watu. Kila Ijumaa mke akipokea simu, Kinyozi humpigia kwanza ule mluzi aliokuwa akimwitia dirishani enzi za uchumba, ndipo waongee. Na nusu ya kosa ni langu: mimi ndiye niliyewasimulia tuliyoyaona maabara chuoni kuhusu tangawizi.

— Shikamoo, mjomba. Jino?

— Marahaba, binti. Linapigana. Dawa yako naitumia.

— Dawa yangu ipi?

Akafungua kiganja cha pili. Peremende! Peremende za tangawizi, zile za karatasi ya njano.

— Moja asubuhi, mbili mchana. Ya usiku nalala nayo shavuni.

— Mjomba! Hiyo ni sukari! Unawaandalia karamu hao wadudu wa jino!

— Imeandikwa tangawizi.

— Hata kwenye sabuni wanaandika limau!

Breki, dereva wa lori mstaafu, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Mwacheni jamaa. Haba na haba hujaza kibaba. Tundu litajaa lenyewe.

— Jino halizibwi kwa methali, nikamkatiza. Sikilizeni tena, na leo mnisikilize mpaka mwisho. Tulichukua bakteria wanaoozesha meno, tukawaotesha kwenye sahani ya maabara, tukadondoshea tangawizi iliyokamuliwa. Pale ilipodondoka, hawakuota. Basi! Sahani haina mate, haina ulimi, wala hainywi kahawa ya vijiko vinne vya sukari.

— Kumbe wanakufa! akadakia Profesa, muuza magazeti ambaye chuo amekiona kwa nje. Basi tatizo ni kipimo. Achonge kipande cha tangawizi, akivae kama jino.

— Avae tangawizi?

— Ndiyo! Jino lenyewe ndilo dawa. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo aanze leo.

— Mimi nilibeba tangawizi magunia mia, Breki akasema. Panya walioingia kwenye lori walitoka na meno meupe pee. Wakanichekea hivi, kwa macho yangu.

— Ukaongea nao?

— Salamu tu.

Hapo damu ikanichemka. Watu wazima, na mwenzao anaoza mdomoni!

— Mjomba, jino likishatoboka, hata tangawizi ya shamba zima hairudishi kilicholiwa. Nenda hospitali kabla halijaambukiza la jirani.

— Na mluzi?

— Utapiga hata kwa vidole.

— Si ule, binti.

Ulimi wake ukapapasa lile tundu.

— Jana nilipiga, ukatoka upepo mtupu. Mke wangu akaniuliza, "Nani mwenzangu?"

Breki akaacha kucheka.

Mpangaji mpya wa ghorofani, mama mmoja ambaye hatujajuana naye vizuri, alikuwa amesimama na chupa yake akisubiri kujaziwa kahawa. Akageuka.

— Samahani, kaka. Kwani mkeo mwenyewe anarudi lini?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akafunua gazeti, kumbe ameligeuza juu chini. Nami nikamgeukia Kinyozi.

— Mjomba, nikasema, miaka sita hujawahi kumuuliza?

Akaikunja karatasi ya njano, akaikunja tena, hata ikakataa kukunjika.

— Nikimuuliza, atanijibu.